Maili za Ukame

Kila mwaka ukikaribia kuisha, vijana wa Nairobi wanaosafiri kikazi huanza kuulizana swali moja: "Nimefika Silver. Sasa niitumie vipi nipate faida yote?" Majibu huja mbio. Mmoja atasema omba kiti cha mbele. Mwingine atasema beba begi la pili. Wa tatu, yule mjuaji wa kila kitu, atasema umebakisha safari mbili tu ufike Gold, kwa hivyo tafuta tikiti ya bei poa ya kwenda popote kabla Desemba haijaisha, hata kama huna shughuli huko.

Hakuna anayeuliza hizo maili zilitoka wapi.

Mimi nauliza, na jibu langu naliweka mezani mapema ili asiyelitaka aondoke chai yake ikiwa bado moto. Kama unafanya kazi kwenye NGO, kituo cha utafiti, shirika la Umoja wa Mataifa au ofisi ya serikali inayoshughulikia kaskazini mwa Kenya, kadi yako imelipiwa na mahali kama Oldonyiro. Sehemu kubwa ya faida yake inafaa irudi Oldonyiro. Kadi yenyewe haina thamani unayoidhania. Pointi zilizo nyuma yake ndizo zenye thamani, na hizo si zako peke yako.

Kadi ya katikati

Tuanze na kadi, maana wengi wanaibeba kwenye pochi bila kuijua.

American Airlines ilianzisha AAdvantage Mei 1981, na mashirika mengine ya ndege yakafuata. Wazo lilikuwa la duka la mtaani: mteja anayerudi, mpe kitu. Baadaye zikaja ngazi. Chini wamo watu wote. Juu wamekaa wachache ambao kampuni zao huwalipia viti vya mbele. Katikati pakaachwa nafasi ya mtu wa aina yangu na yako, anayesafiri vya kutosha kujiona si wa kawaida, lakini si vya kutosha kulitia shirika hasara.

Angalia hiyo ngazi inatoa nini. Star Alliance, muungano ulioanza 1997 na ambao Ethiopian Airlines iliingia Desemba 2011, humpa Silver kipaumbele kwenye orodha ya kusubiri nafasi. Yaani ndege ikijaa, wewe unasubiri mbele ya wengine wanaosubiri. Basi. Shirika lenyewe linaweza kukuongezea kitu ukiwa kwenye ndege zake, lakini ukipanda ndege ya mwenzake ndani ya muungano, launji na mzigo wa ziada ni vya Gold. SkyTeam, ambamo Kenya Airways ni mwanachama kamili tangu 2010, ina mkono mwepesi kidogo: Silver anapata foleni yake ya kukaguliwa tikiti, anaingia ndegeni mapema, na pale mizigo inapohesabiwa kwa uzito anaongezewa kilo 10. Launji bado ni ya walio juu yake. Emirates humfikisha mtu Silver kwa maili 25,000 za ngazi, ikampa kilo 12 za ziada na mlango wa launji kule Dubai.

Jumlisha yote. Kilo kumi na kitu, foleni fupi, na simu inayopokelewa haraka ndege ikichelewa. Ni vitu vizuri na sivibezi. Dada anayerudi nyumbani kutoka kazi ya nyumba Jeddah au Doha anajua kilo kumi ni nini kuliko konsaltanti yeyote wa Kilimani. Lakini hebu tuseme ukweli: hicho ni kifurushi cha msafiri. Hakimpandishi mtu cheo duniani. Ukimwona jamaa amening'iniza lebo ya Silver kwenye begi hata akienda Naivasha na matatu, ujue kampuni ya ndege imempata kwa bei rahisi sana.

Sarafu mbili

Programu hizi zina sarafu mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza hupima ngazi. Ya pili hununua tikiti.

Chukua Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo Wakenya wengi waliifahamu kwa sababu Kenya Airways ilikuwa humo kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha programu yake, Asante Rewards. Aprili 2018 Flying Blue ilibadilisha kanuni zake. Ngazi ikawa inahesabiwa kwa XP: 100 kufika Silver, 180 zaidi kufika Gold. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi Amsterdam kwenye daraja la kawaida ilikuwa XP 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa hivyo safari tano za kwenda na kurudi Amsterdam ndani ya mwaka zinakufanya Silver. Tano! Jiulize ni Mkenya gani anayejilipia safari tano za Ulaya kwa mwaka akiwa nyuma kabisa ya ndege, karibu na choo. Huyo hayupo. Anayekaa pale mara tano kwa mwaka amelipiwa na mtu.

Maili za kununulia nazo zikaanza kufuata bei ya tikiti: 4 kwa kila euro kwa aliye chini kabisa, 6 kwa Silver. Tuseme tikiti ni euro 800 kabla ya kodi. Wa chini anapata 3,200, Silver anapata 4,800. Sasa angalia vizuri maana hoja yangu yote imesimama hapa. Ngazi huwezi kumpa mtu. Ni jina lako, na ikifika siku yake inayeyuka. Maili za kununulia ni tofauti, kwa sababu programu nyingi zinakuruhusu kuzitumia kumkatia mtu mwingine tikiti. Zina uzito wa pesa na zinahamishika kama pesa.

Kwa hivyo anayefukuzia ngazi anafukuzia ile sarafu isiyogawika. Ile inayogawika ameiacha ilale kwenye akaunti hadi muda wake uishe, au hadi kampuni ipandishe bei ya tikiti za maili usiku mmoja bila kumuuliza mtu.

Na kama bado unaamini hizi ni zawadi tu, kumbuka 2020. Corona iliegesha ndege dunia nzima. United ya Marekani ilihitaji pesa. Iliweka rehani programu yake ya maili, MileagePlus, iliyothaminiwa karibu dola bilioni 22, ili ikope bilioni 5. Wakati huo kampuni nzima kwenye soko la hisa ilikuwa chini ya thamani hiyo. Delta nayo ikachukua bilioni 9 kwa mgongo wa SkyMiles. Ndege zimelala, marubani wako nyumbani, lakini pointi zinakopa mabilioni. Mkenya wa kawaida anaielewa hesabu hii, maana tangu 2007 amekuwa akikusanya Bonga, pointi moja kwa kila shilingi 10. Anajua pointi ni pesa iliyovaa nguo za sherehe.

Pesa ina mwenyewe. Tumtafute.

Nani alizalisha hizi maili

Oldonyiro ni wadi ya Isiolo Kaskazini, upande wa magharibi wa kaunti, inayopakana na Laikipia na Samburu. Wakaaji wake wengi ni Wasamburu na Waturkana, na maisha yao ni mbuzi, ng'ombe, ngamia, nyasi na maji. Kuna soko la mifugo ambalo ndilo benki ya eneo zima: karo ya shule inatoka pale, pesa ya hospitali inatoka pale. Barabara ya kwenda mjini Isiolo inapitia Kipsing, na mvua ikinyesha kwa nguvu, lagga zikijaa, unakaa ulipo hadi maji yapungue. Watu husafiri kwa pikipiki, na wengine juu ya lori, wakiwa wameshikilia vyuma huku mbuzi wakilia chini yao. Safari hiyo haina pointi. Ukienda mara mia huwi Silver wa chochote.

Mjini Isiolo kuna uwanja wa ndege unaoitwa wa kimataifa. Ulizinduliwa 2017, jengo likiwa limekusudiwa kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka, na njia ya kurukia ya kilomita 1.4 hivi, ambayo ni fupi mno kwa ndege kubwa. Wafugaji waliahidiwa kwamba nyama yao itapandia pale kwenda Ghuba. Kwenye ramani za LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012, kuna hata mji wa kitalii uliochorwa pale Kipsing. Mtoto wa Oldonyiro aliyezaliwa mwaka huo sasa ni kijana. Ameona ramani nyingi sana.

Kisha ukaja ukame. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kote nchini mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Nambari hiyo ni kubwa hadi haisemi kitu, kwa hivyo iweke hivi: mtu aliyekuwa na ng'ombe arubaini alibaki na wanne, na hao wanne alikuwa akiwainua kwa mikono asubuhi wasimame.

Miaka hiyo hiyo, nani alisafiri? Sisi. Ukame ukiingia, ndege zinajaa. Kuna tathmini ya haraka, kuna warsha ya kuthibitisha tathmini, kuna mkutano wa wafadhili Geneva, kuna mafunzo ya ustahimilivu Addis Ababa. Novemba 2022 dunia ilikutana Sharm el-Sheikh kuzungumzia tabianchi, na mwishoni mwa 2023 ikakutana Dubai. Kila Juni kuna vikao Bonn. Kwenye kila mkutano kuna picha kubwa ukutani ya ng'ombe aliyekauka na mama aliyejifunga shanga. Mwenye picha hakuwepo. Aliyekuja na picha alikuwepo, na akaunti yake ya maili ilinenepa.

Ndiyo maana naziita maili za ukame. Mvua ingenyesha vizuri Oldonyiro 2021, mimi na wewe tusingekuwa na safari nusu ya zile. Tungekuwa Explorer, Blue, au chochote wanachomwita mtu wa chini kabisa. Kila kilo ya ziada tuliyobeba ilitokana na ng'ombe wa mtu.

Na kaskazini kumezoea hesabu ya namna hii. Kaunti hiyo hiyo ya Isiolo iko kwenye mradi wa kaboni ya nyasi ambao kredi zake zimenunuliwa na kampuni kama Meta na Netflix. Nyasi inakua huku, hati inauzwa kule. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii kwenye kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mtu anaweza kubishana kuhusu hifadhi hadi jua lizame, na huo ni mjadala wa siku nyingine. Swali lililo chini yake ndilo hili langu: kitu kikitoka kwa watu, je, waliulizwa?

Wanaosema hapana

Najua majibu. Nimeyasikia kwenye meza nyingi za chakula cha mchana, zile zenye chupa za maji zilizopangwa kama askari.

La kwanza: "Ni jasho langu. Mimi ndiye niliyelala JKIA saa tisa usiku. Mimi ndiye niliyekosa siku ya kuzaliwa ya mtoto." Ni kweli, na jasho hilo lina jina: mshahara na posho. Ulilipwa kusafiri. Hoteli ililipwa, teksi ililipwa, hata chai ya uwanjani uliiwekea risiti. Maili ni kitu cha tatu, kinacholipwa na kampuni ya ndege kwa sababu mtu fulani alinunua tikiti. Aliyenunua ni mradi. Mradi ulipata pesa kwa kutaja jina la Oldonyiro kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi. Mfuate huyo mbuzi hadi zizi lake.

La pili: "Lakini akaunti ni ya mtu binafsi, kanuni za shirika la ndege zinasema hivyo." Ndiyo, kampuni ya ndege inataka akupende wewe, isipendane na ofisi yako. Ofisi haishawishiki na foleni fupi. Wewe unashawishika, ndiyo maana unachagua ndege ya saa tano zaidi na ghali zaidi ili upate pointi, na mradi unalipa tofauti. Kanuni ya kampuni inaeleza jina la nani liko kwenye akaunti. Haitoi hukumu kuhusu haki. Na tena mashirika kadhaa ya ndege yana programu za kampuni na taasisi, ambapo ofisi inapata pointi zake pembeni ya zako. NGO nyingi hazijajisajili. Uliza kwenu uone watakavyokukodolea macho.

La tatu: "Wewe unakuza jambo dogo." Ujerumani hawakuliona dogo. 2002 magazeti yalifichua kwamba wanasiasa walikuwa wametumia maili za safari za kikazi kwa mambo yao binafsi, ilhali Bunge lilitaka maili hizo zirudi kwenye safari za kikazi. Gregor Gysi akajiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin. Cem Özdemir akaacha wadhifa wake wa msemaji wa chama chake bungeni. Watu wakubwa walianguka kwa sababu ya pointi za ndege! Marekani nayo ilienda njia nyingine: sheria iliyotiwa saini Desemba 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu wabaki na maili zao. Unaweza kupenda njia moja au nyingine. Kilicho wazi ni kwamba nchi zote mbili zilikaa chini zikaamua, zikakubali kwamba hiki ni kitu cha umma kinachohitaji uamuzi. Hapa kwetu diwani anaruka kwenda ziara ya mafunzo, afisa anaruka, konsaltanti anaruka, na hakuna anayeuliza.

La nne ndilo lenye nguvu kuliko yote: "Kama unajali Oldonyiro, acha kuruka kabisa. Ndege ndizo zinazochafua hewa, na hewa chafu ndiyo inayoua mvua." Nalikubali zaidi ya nusu. Warsha nyingi zingekuwa simu ya saa moja. Ile safari ya Desemba ya kutafuta pointi za kupandia ngazi, bila shughuli yoyote, ni aibu tupu, na mtu wa tabianchi anayeifanya hana uso wa kusimama mbele ya wafugaji. Lakini Mkenya akikaa nyumbani kabisa, meza ya Geneva haibaki tupu. Itajaa wengine, wataongea kuhusu Isiolo bila kuweza kuitafuta kwenye ramani. Kwa hivyo punguza, halafu zile safari zinazobaki, hakikisha zinampandisha mtu sahihi.

Basi ufanye nini na Silver yako

Sasa turudi kwa lile swali la mwisho wa mwaka, maana ni swali halali. Haya ndiyo majibu yangu, kutoka dogo hadi kubwa.

Tumia kilo. Mradi ukilipia mzigo wa ziada wakati kadi yako inaubeba bure, huo ni wizi mdogo. Vifaa vya kupimia maji, vitabu, mashine za ofisi, weka kwenye kilo zako kumi, kisha andika kwenye ripoti ulichookoa. Hakuna atakayekupigia makofi, lakini pesa itabaki pale ilipokusudiwa.

Tumia simu. Ndege ikiahirishwa, laini ya Silver inaweza kukupata mtu kabla ya foleni ya mia mbili kufika kaunta. Kama unasafiri na mzee wa jamii ambaye hii ni safari yake ya kwanza, mkate tikiti mkiwa kwenye nafasi moja ya safari. Mkiwa tikiti moja, ni rahisi zaidi kupangiwa ndege nyingine pamoja. Usimwache mzee wa watu amekaa sakafuni Bole na pasipoti mkononi wakati wewe umeshaingia ndege nyingine.

Usifukuzie Gold. Kama kazi inakupeleka, utafika. Kama haikupeleki, tikiti unayonunua ili kufika ni bei ya launji ambayo ungeweza kuila kwa pesa taslimu mara kadhaa, ukalipa soda yako na ukaenda zako.

Kisha lile kubwa: maili za kununulia zigeuze kuwa viti. Safari tano za euro 800 ukiwa Silver ni maili 24,000. Ofisi yenye watu kumi wa namna hiyo ina 240,000. Weka hesabu moja ya wazi, kila mtu aandike alichonacho, na mwisho wa mwaka muamue ni nani wa Oldonyiro atakaa kwenye kiti hicho. Simaanishi yule yule mwenyekiti anayepigwa picha kila mwaka. Namaanisha mama anayeuza mbuzi sokoni, kijana wa shule ya upili anayejua majina ya nyasi kwa Kisamburu na kwa Kiturkana, mzee anayekumbuka ukame wa 1984 na anayeweza kumwambia mtaalamu wa setilaiti pale alipokosea. Wao wenyewe wachague nani aende. Sisi tulipe kwa kile walichotuzalishia.

Watasema pasipoti ni shida na viza ni shida. Ndiyo, ni shida, na ni shida hizo hizo ambazo ofisi yako hutatua kila mwezi kwa ajili ya mkurugenzi. Watasema lugha. Geneva kuna wakalimani wa kila namna. Watasema "hawajazoea". Hiyo ya mwisho, mtu akiitamka mbele yako, mwangalie tu. Mtu aliyeishi misimu mitano bila mvua ameshindwaje kuzoea ukumbi wenye kiyoyozi?

Na haraka ipo. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Tangazo la namna hiyo halikosi mikutano, mabango, vitambulisho vya shingoni na tikiti nyingi za ndege. Maili zitamiminika. Kama hatutabadilisha kitu, mwaka wa wafugaji utapita, tutapanda ngazi mbili, na mfugaji atakuwa ametajwa kwenye kila hotuba bila kuonja hata karanga za ndegeni.

Wafadhili nao wasijifiche. Wanaweza kuandika sentensi moja kwenye mkataba: pointi zote za safari za mradi zitumike kwa safari za wanajamii wa mradi. Sentensi moja tu. Wanaandika kurasa arubaini kuhusu rangi ya nembo yao na upande wa bango itakapokaa. Bunge la Kaunti ya Isiolo nalo linaweza kuuliza maafisa wake maili ziko wapi, kama linavyouliza magari yako wapi. Na bunge la taifa lifanye kama Berlin au lifanye kama Washington, lakini lifanye kitu.

Ukikataa yote haya, sawa, kadi ni yako na hakuna polisi atakayekuja. Ila ukiwa kwenye ile foleni fupi, mbele ya watu mia mbili, usijiambie kwamba umefika pale kwa bidii zako tu. Kuna ng'ombe waliokufa ili foleni yako iwe fupi. Wenyewe wanajulikana, wanapatikana, na wana majina kamili ya kuandikwa kwenye tikiti.